Twiga wa Bustani Harudi Porini, Ila Msaada Wake Unafika

Twiga anayezaliwa katika bustani ya wanyama ya Ulaya au Marekani hatakanyaga nyika ya Afrika. Hilo tuliseme mapema, maana mabango mengi ya bustani hizo humwacha mgeni akidhani kwamba kila ndama anayezaliwa pale ni akiba ya kurudishwa porini siku moja. Sivyo. Ndama huyo hakufundishwa na mama yake kumwogopa simba. Mwili wake haujawahi kukutana na kupe wa nyikani wala maradhi wanayoyabeba. Mara nyingi hata ukoo wake umechanganyika. Nchini Marekani kuna kundi kubwa la twiga ambao wazazi wao walikutanishwa zamani bila kujali walikotoka, wa kaskazini mwa Kenya na wa Uganda wakazaa pamoja, na leo hakuna hifadhi ambayo ingekubali damu hiyo iingie kwenye kundi lake. Isitoshe, penye uhitaji wa twiga wapya huwa kuna twiga wa porini wa kuhamishwa, tena wanaojua tayari ni mti upi unaowavusha kiangazi.

Sasa bustani zinamfaa nini twiga wa porini? Zinamfaa, na pengine kuliko wanavyokubali wale wasiozipenda. Ila faida hiyo tusiitafute kwenye kuzalisha. Iko kwenye fedha, kwenye maarifa yanayotoka kwa mnyama anayekubali kuguswa, na kwenye wataalamu waliokwisha kuishika shingo ya twiga mara nyingi kabla ya kuishika porini.

Mwaka 2016 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, lilimwingiza twiga kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Makadirio yalikuwa yameshuka kutoka zaidi ya 150,000 mwaka 1985 hadi chini ya 100,000 mwaka 2015, upungufu wa asilimia 36 hadi 40. Chanzo kinajulikana: mashamba na makazi kuingia malishoni, ujangili wa nyama, vita, ukataji wa miti. Mwaka huohuo wa 2016 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba hao tuliowaita twiga kwa jumla ni spishi nne, na mwaka 2025 IUCN ikaupokea mgawanyo huo rasmi: twiga wa kaskazini, twiga wa madoa ya wavu, twiga wa Kimasai na twiga wa kusini. Hesabu za sasa zinafika takriban 140,000 kwa jumla. Asikimbilie mtu kushangilia, kwa sababu sehemu ya ongezeko hilo imetokana na kuhesabu vizuri zaidi kuliko zamani. Na ndani ya jumla hiyo, twiga wa kaskazini ni takriban 7,000 tu, wametawanyika kwa mafungumafungu kuanzia Niger hadi Kenya. Kwa spishi kama hiyo, kosa moja la kuhamisha au ukame mmoja mbaya si jambo dogo.

Fedha, na zinakoishia

Uhifadhi wa twiga una shida ambayo tembo na faru hawana kwa kiwango hicho: kwa miaka mingi hakuna aliyedhani kwamba twiga anahitaji msaada. Wafadhili wakubwa walienda kwingine. Bustani za wanyama ni miongoni mwa wachache waliokuwa na sababu ya kumjali, kwa kuwa twiga ndiye anayewaletea watoto langoni.

Namna ya kuzikusanya fedha hizo ina umuhimu wake. Bustani ya Cheyenne Mountain, jimbo la Colorado, ilianzisha mwaka 2008 mpango ambao sehemu ndogo ya kiingilio, robo za dola, hutengwa papo hapo kwa ajili ya uhifadhi wa porini, na mgeni mwenyewe huchagua mradi wa kuupa sehemu yake. Bustani nyingine nyingi ziliuiga. Uzuri wake ni kwamba fedha hukatwa kabla haijachanganyika na ya kulipia umeme na majani, kwa hiyo haisubiri huruma ya mtu mwisho wa mwaka. Jumla inapanda na kushuka na idadi ya wageni, lakini mwenye mradi huko Afrika anaweza kukisia atapata nini mwakani, na hilo kwa mtu anayelipa mishahara ya askari ni jambo kubwa.

Njia nyingine ni ile ya mgeni kununua majani machache ya saladi na kumlisha twiga kutoka jukwaa lililo sawa na kichwa chake. Inaingiza fedha nyingi, na inataka uangalizi. Saladi ni maji zaidi kuliko lishe, nyuzinyuzi zake ni haba, kwa hiyo walezi wanaojali huiweka kwenye hesabu ya chakula cha siku na kuifunga zamu inapotimia. Twiga lazima pia awe na mahali pa kuondokea akichoka na watu. Akilazimika kubaki pale kwa sababu matawi yote yamefungwa upande huo, hapo fedha inapatikana kwa gharama ya mnyama.

Zikifika uwanjani, fedha hizi hununua vitu visivyopendeza kwenye picha: matairi, mafuta ya gari, saa za ndege ya kuhesabia, mishahara, dawa za usingizi. Shirika la Giraffe Conservation Foundation, lenye makao yake Windhoek, Namibia, hupokea michango ya bustani nyingi za Marekani na Ulaya, na limeshiriki katika uhamishaji mwingi wa twiga wa miaka ya karibuni. Nchini Uganda, twiga 18 walivushwa mto Nile kwa kivuko mwaka 2016 ndani ya hifadhi ya Murchison Falls, na wengine 19 mwaka 2017, kwa sababu karibu wote walikuwa upande mmoja wa mto, upande uleule unaotafutwa mafuta. Nchini Niger, ambako mwaka 1996 walikuwa wamebaki 49 tu wa aina ya Afrika Magharibi, leo wamezidi 600. Mwaka 2018 twiga wanane kati yao walisafirishwa karibu kilomita 800 hadi Gadabedji, mahali ambapo twiga walikuwa wametoweka kwa karibu miaka hamsini. Sifa ya kwanza ya Niger ni ya serikali yake na wanavijiji wa Kouré waliokubali kuishi na twiga mashambani mwao. Bustani hazikuokoa twiga wale. Zilichangia kundi lililokwisha okolewa na wenyeji lipate makao ya pili, na huo ndio mchango wa kweli.

Kumlaza twiga bila kumuua

Hapa ndipo bustani zimetoa kitu ambacho fedha peke yake isingekinunua.

Twiga ni miongoni mwa wanyama wagumu kabisa kulazwa kwa dawa. Shinikizo la damu yake ni karibu mara mbili ya la binadamu, maana moyo unasukuma damu kupanda shingo ya mita mbili. Koromeo lake ni refu na jembamba, hivyo kila pumzi hurudisha kwanza hewa iliyochakaa iliyobaki njiani kabla mapafu hayajapata hewa safi. Dawa ikipunguza upumuaji hata kidogo, oksijeni hushuka haraka. Ni mnyama anayecheua, kwa hiyo akilala kichwa kikiwa chini ya tumbo, yaliyomo tumboni yanaweza kupanda na kuingia mapafuni. Akikimbia muda mrefu kabla ya kuanguka, joto la mwili hupanda na misuli huanza kuharibika ndani kwa ndani, naye anaweza kufa siku kadhaa baada ya watu kuondoka wakidhani kazi imekwenda vizuri. Mbali na hayo kuna anguko lenyewe.

Katika bustani, mambo haya yamechunguzwa polepole. Twiga hunyimwa chakula kwa muda kabla ya kazi, huingizwa kwenye kizimba chembamba chenye kuta za kufunguka, hupewa mchanganyiko wa dawa, na huteremshwa kwa kamba badala ya kuanguka. Shingo hulazwa juu ya ubao mrefu ili ibaki imenyooka, kichwa kiwe juu kuliko tumbo huku pua ikielekezwa chini ili mate na majimaji yatoke nje. Misuli ya shingo hukandwa na kusogezwa mara kwa mara, kwa sababu ikibaki imejikunja kwa muda hukakamaa, na twiga asiyeweza kunyoosha shingo hawezi kuinuka. Vipimo vya damu, mapigo ya moyo na oksijeni huchukuliwa mfululizo. Daktari wa porini hana nafasi ya kupata takwimu za namna hiyo.

Porini kazi ni tofauti, na ni ya dakika. Hufanywa alfajiri kabla jua halijakolea. Sindano yenye etorfini, dawa ya kundi la mofini lakini yenye nguvu mara elfu moja na zaidi, hupigwa kutoka kwenye gari. Tone la dawa hiyo linaweza kumuua mtu, kwa hiyo dawa ya kuifuta kwa ajili ya binadamu hukaa tayari kabla kifuniko cha chupa hakijafunguliwa. Baada ya dakika chache twiga huanza kutembea kama asiyeona, na hapo ndipo watu hukimbia mbele yake na kamba, humfunga miguu na kumwangusha. Akigusa ardhi tu, watu kadhaa huketi juu ya shingo na kichwa, na daktari humdunga mara moja dawa ya kuifuta etorfini kwenye mshipa. Mgeni wa kazi hii hushangaa: mbona anaamshwa kabla chochote hakijafanyika? Ndiyo maana yake. Twiga husimama kwa kuirusha shingo. Shingo ikishikiliwa chini hawezi kuinuka hata akiwa macho kabisa. Kwa hiyo anafunikwa macho, anazibwa masikio, na kazi yote hufanyika huku akipumua kwa nguvu zake mwenyewe. Watu wakiinuka kwa pamoja, naye huinuka. Anayechelewa kuondoka hupigwa na kichwa kizito kuliko anavyodhani.

Yanayoharibika hapo yanajulikana. Kipimo kidogo cha dawa ni kibaya kuliko kikubwa, kwa sababu twiga hukimbia kilomita kadhaa akiwa nusu usingizini na joto linampanda. Dawa ya kumwamsha ikikawia, pumzi hukata. Madaktari wa bustani ambao hujiunga na vikosi vya uwanjani huja wakiwa wamewahi kumwona twiga akiacha kupumua na kurudishwa. Porini hakuna muda wa kujifunzia hilo. Nao huondoka na kitu, maana madaktari wa hifadhi za Uganda, Kenya na Namibia wamelaza twiga wengi kuliko yeyote aliye Ulaya. Ubadilishanaji huo ni wa pande mbili, na bustani inayojisifu kwamba ilikwenda kuwafundisha Waafrika haikuangalia vizuri.

Anayehamishwa huwa ni kijana. Twiga mzima wa mita tano hapiti chini ya nyaya za umeme wala hapandi gari bila kuumia. Kijana wa mita tatu na ushei huongozwa kwa kamba, macho yamefunikwa, hadi kwenye trela lenye kuta ndefu na juu wazi, kisha hukaa zizini na wenzake siku kadhaa kabla ya safari ili waanze kula na kunywa wakiwa pamoja.

Mnyama anayekubali kuguswa

Twiga wengi wa bustani leo hufunzwa kwa chakula, bila nguvu: gusa mpira ulio kwenye fimbo, sikia mlio, pata tawi. Kutoka hapo hujifunza kusimama ubavu kwa ubavu na uzio wakati damu ikichukuliwa shingoni, na kuweka ukwato juu ya kipande cha ubao ili upigwe picha ya eksirei na kukatwa. Kazi hii huchukua miezi, na siku moja ya kumlazimisha inaweza kuirudisha mwanzo.

Twiga anayetoa damu kwa hiari anawezesha kupima ni saa ngapi dawa ya maumivu inakaa mwilini na kwa kiwango gani. Daktari wa Murchison Falls anaposhika twiga aliyenaswa mguu na waya wa mtego, ana nafasi moja tu. Anakata waya kwa koleo, anasafisha kidonda kilichofika kwenye kano, anampa kiuavijasumu kinachodumu na dawa ya maumivu, anamwachia. Hatamwona tena kesho kubadilisha bandeji, hivyo kipimo lazima kiwe sahihi mara ya kwanza.

Vivyo hivyo kwa kinyesi. Homoni za msongo na za uzazi hutoka kwenye kinyesi, na mtafiti anaweza kuzipima bila kumgusa mnyama. Lakini namba yenyewe haisemi kitu hadi ujue ya kawaida ni ipi. Bustanini inajulikana kinyesi ni cha nani, kilidondoka saa ngapi, na mnyama alisafirishwa au alipandwa lini. Kutokana na ufuatiliaji wa namna hiyo inafahamika kwamba jike huingia joto kila baada ya takriban siku 15 na hubeba mimba takriban miezi 15. Anayekwenda kukusanya porini anapaswa kuokota kikiwa kibichi na kukigandisha mapema, la sivyo bakteria hubadilisha homoni na kipimo huwa bure. Miezi 15 hiyo, ukiichanganya na ndama wengi wanaoliwa na simba na fisi kabla ya kutimiza mwaka, ndiyo inayoeleza kwa nini kundi la twiga likishapunguzwa halijai tena haraka.

Mafunzo hayohayo ya chakula na subira yameonekana pia mbali kabisa na bustani. Maji ya Ziwa Baringo yalipopanda, twiga wa hifadhi ya jamii ya Ruko walizingirwa kwenye kisiwa cha Longicharo. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 walivushwa mmoja mmoja au wachache pamoja kwa chelezo cha chuma kilichoelea juu ya mapipa matupu, baada ya askari wa hifadhi kuwazoesha kula juu yake.

Kumjua twiga mmojammoja

Kumfuata twiga kwa setilaiti kulisumbua watu kwa muda mrefu. Ukosi wa shingoni, unaomfaa tembo, kwa twiga huteleza, kwa sababu shingo yake ni nyembamba juu na pana chini na huinamishwa kila siku kunywa. Vikajaribiwa vifaa vya kufungwa kichwani kama hatamu, vikachubua ngozi. Vikaja vya kupachikwa kwenye vipembe, kisha vidogo vya masikioni na mkiani vinavyojichaji kwa jua. Kila hatua ilihitaji mtu wa kuangalia ngozi kwa karibu, na bustani ni mahali ambapo twiga anaweza kukaguliwa kila asubuhi.

Njia nafuu zaidi ni kamera ya kawaida. Madoa ya twiga hayabadiliki umbo maisha yake yote, ingawa rangi ya dume hukolea akizeeka, na programu za kompyuta hulinganisha picha na kumtambua. Masharti ni machache, na wengi huyavunja: piga ubavu uleule kila mara, wengi hutumia wa kulia, simama mkabala na ubavu wake, usipige kwa pembeni, subiri atoke kwenye majani. Mwenye picha nyingi za ubavu wa kushoto na chache za kulia atawahesabu baadhi ya twiga mara mbili.

Huko kaskazini mwa Kenya, San Diego Zoo Wildlife Alliance, shirika la bustani ya San Diego nchini Marekani, na washirika wake wanaendesha tangu 2016 kikosi cha Twiga Walinzi, vijana wa jamii za wafugaji walioajiriwa kufuatilia twiga wa madoa ya wavu katika maeneo kama Loisaba na Namunyak. Hupiga picha, huondoa mitego, hutega kamera za kujipiga zenyewe, na huzungumza na wafugaji juu ya malisho na maji. Kamera hizo hutoa picha nyingi mno, sehemu kubwa zikiwa mbuzi, ng'ombe na nyasi zinazopepea. Nyasi mbele ya kamera lazima zifyekwe, na lenzi isielekee mashariki wala magharibi, jua likaichoma. Picha zilipandishwa mtandaoni zipangwe na watu wa kujitolea duniani kote, wengi wao wakiwa hawajawahi kumwona twiga ila nyuma ya uzio. Mpango huu ndio ninaoupa heshima kuliko mingine yote, kwa kuwa fedha ya bustani imegeuka mshahara wa mtu anayelala karibu na twiga.

Yasiyopendeza

Februari 2014 bustani ya Copenhagen ilimuua Marius, dume changa lenye afya, kwa sababu vinasaba vyake vilikuwa tayari vimejaa katika mpango wa uzazi wa Ulaya. Hasira ya watu ilikuwa kubwa, na sioni kama ilikuwa ya kijinga. Kama ndama hawa hawarudi porini, basi anayeruhusu wazaliwe ana deni la kuwapatia nafasi kabla hawajazaliwa. Dume huachishwa jike, au jike huzuiwa kushika mimba.

Mwaka 2001 uchunguzi wa bustani za Marekani ulikuta karibu asilimia 80 ya twiga na okapi, ndugu wa karibu wa twiga, wakiwa na tabia za kujirudiarudia, hasa kulamba kuta na vyuma. Ulimi wa twiga umeumbwa kuchambua matawi yenye miiba kwa saa nyingi kila siku. Ukimpa nyasi kavu zilizorundikwa mahali pamoja, ulimi unabaki bila kazi. Matawi mabichi yaliyotundikwa juu, kwenye vizuizi vinavyomlazimu kuyatafuta, hupunguza tabia hiyo. Nafaka nyingi huleta mawe ya mkojo. Sakafu laini isiyosugua huacha kwato zirefuke hadi viungo vipinde. Bustani isiyoweza kukata matawi ya kutosha mwaka mzima haifai kufuga twiga, hata ikichangia kiasi gani.

Ipo pia bustani ya aina nyingine, iliyo ndani ya nchi ya twiga wenyewe. Kituo cha Twiga cha Lang'ata, Nairobi, kilitokana na juhudi zilizoanza miaka ya 1970, wakati twiga wa Rothschild, aina mojawapo ya twiga wa kaskazini, wapatao 130 walipokuwa wamebaki kwenye ranchi ya Soy iliyokuwa ikigawanywa mashamba. Wengine walihamishiwa Nakuru na Ruma, na waliozaliwa Lang'ata wamepelekwa porini. Hapo kuzaliana na kurudi kumewezekana kwa sababu ya umbali mfupi, maradhi ya aina moja na damu isiyochanganywa.

Ukitembelea bustani yoyote yenye twiga, waulize walezi wao ni wa spishi gani, mara nyingi jibu pekee hukuonyesha kiasi wanachojali. Uliza mradi wa porini unaitwaje na uko wilaya gani, na kama fedha hukatwa kwenye kiingilio au hungojea sanduku la michango. Uliza ndama dume wa mwaka jana yuko wapi. Kisha inua macho uangalie matawi yametundikwa wapi, na kwato zikoje.